Injini ya Mlima Mbeya katika Kipimo Kidogo

Ujenzi wa garimoshi dogo la mvuke, yaani injini inayochemsha maji kwa moto wake yenyewe na kuvuta watu wazima juu ya reli nyembamba, hudhaniwa na wengi kuwa ni kazi ya kuchukua mchoro wa injini kubwa na kugawanya kila kipimo kwa namba moja. Anayefuata dhana hiyo hupata chombo kizuri cha kutazamwa ambacho ama hakipandishi mvuke, ama huzungusha magurudumu pale pale bila kusogea. Ufundi wenyewe umo katika kuamua kipimo kipi kigawanywe, kipi kiachwe na kipi kibuniwe upya, kwa sababu moto, maji na uzito havipungui kwa uwiano mmoja. Na injini inayolidhihirisha jambo hili waziwazi ni ile iliyobeba jina la Mlima Mbeya.

Injini hiyo ilikuwa moja kati ya 34 za Kundi la 59, zilizojengwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ambalo lilizipa majina ya milima ya eneo hili, Mbeya na Rungwe ikiwamo. Hazikupata kuwapo injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo juu ya reli za upana wa mita moja. Kazi yake kuu ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa hiyo milima ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kama hiyo miwili, ilikuwa na injini zenye majina yake takriban miaka 20 kabla ya reli kuifikia. Reli iliyokuja kupita huko, katika wilaya ya Mbozi, TAZARA, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa upana wa milimita 1,067, ikaendeshwa kwa dizeli, na mkazi wa Iyula, wilayani humo, anayekwenda kupanda treni Mlowo au Vwawa hajapata kukuta mvuke huko. Kundi la 59 lenyewe sasa hutazamwa katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nairobi, liliko garimoshi namba 5918, Mlima Gelai.

Muundo wake ni ule wa Herbert William Garratt, Mwingereza aliyeomba hataza mwaka 1907. Katika garimoshi la kawaida boila, yaani pipa la kuchemshia maji, hukaa juu ya magurudumu, na magurudumu hayo hulizuia lisinenepe. Garratt aliliweka boila katikati, likining'inia kwenye fremu yake, na mbele na nyuma yake akaweka jozi mbili za injini zinazojipinda kila moja kwenye kona. Kwa kuwa chini ya boila hapana gurudumu, boila la Kundi la 59 liliweza kufikia kipenyo cha mita 2.29, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyolibeba, na tanuri lake likapata kina cha kutosha. Mjenzi wa garimoshi dogo hunufaika na muundo huo kwa namna ile ile, maana moto mdogo huhitaji kina na hewa kuliko unavyohitaji urembo.

Hesabu huanzia kwenye reli. Reli inayotumiwa sana na wapenda fani hii ina upana wa inchi 5, sawa na milimita 127, na mita moja ikigawanywa kwa 127 hupatikana uwiano wa 1 kwa 7.87. Urefu wa injini, karibu mita 31.7, huwa mita 4. Silinda yenye kipenyo cha inchi 20.5 huwa milimita 66. Uzito, hata hivyo, hufuata ujazo, na ujazo hupungua kwa uwiano uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu: tani 252 hugawanywa kwa 488, zikabaki kilo 520 hivi. Kani ya kuvuta hufuata eneo la uso wa pistoni, linalopungua kwa 62 tu. Injini kubwa ilivuta kwa kani ya pauni 83,350, karibu tani 38, huku magurudumu yake yanayoendeshwa yakibeba tani 160 hivi, na uwiano huo wa zaidi ya nne kwa moja ndio uliolifanya gurudumu lishike reli. Katika kipimo kidogo, hata kanieneo ya mvuke ikishushwa kutoka pauni 225 hadi pauni 100 kwa inchi ya mraba, silinda nne za milimita 66 zingevuta kwa kilo 270 huku magurudumu hayo yakibeba kilo 330 tu, nayo yangeteleza papo hapo. Kwa hesabu tupu, kipenyo cha silinda kingepaswa kushuka hadi milimita 36 hivi. Mafundi wengi hawashuki kiasi hicho, nao wana sababu: silinda ndogo ina ukuta mwingi kuliko mvuke uliomo, hivyo mvuke hupoa na kurudi kuwa maji kabla haujamaliza kazi, na kani halisi huwa chini ya ile ya karatasini. Wao huchagua kipenyo cha kati, huongeza risasi kwenye fremu, kisha humwachia dereva afungue mvuke kwa utaratibu.

Boila ndilo linalohitaji kufikiriwa zaidi. Moshi wa moto hupita ndani ya mirija iliyozungukwa na maji, na mirija ya injini kubwa ikigawanywa kwa 7.87 huwa myembamba kiasi cha kuzibwa na masizi kwa muda mfupi. Dawa yake ni mirija michache iliyo minene. Kanuni inayofuatwa na wengi huchukua urefu wa mrija kwa inchi, ukagawanywa kwa mraba wa kipenyo cha ndani, na kutaka jibu liwe kati ya 50 na 70. Mrija wa inchi 20 kwa hiyo hutaka kipenyo cha karibu milimita 15.

Kuhusu hewa, historia ya Mbozi yenyewe ina la kufundisha. Wanyiha, wenyeji wa huko, kama Wafipa, walifua chuma kwa tanuri refu la udongo lenye matundu chini, ambalo kimo chake pekee kilivuta hewa bila mivukuto, na hiyo ni elimu ya moto inayostahili kuheshimiwa kama elimu nyingine yoyote ya uhandisi. Garimoshi haliwezi kubeba dohani ya kimo hicho, hivyo mvuke uliokwisha kazi kwenye silinda hurushwa juu kupitia mdomo mwembamba chini ya dohani, nao huondoka na moshi na kuacha ombwe linalovuta hewa mpya kupitia motoni. Mdomo ukiwa mpana moto hulala. Ukiwa mwembamba mno, pistoni husukuma dhidi ya mvuke wake wenyewe. Kipimo hiki hakigawanywi kabisa. Hutafutwa kwa kujaribu injini ikiwa na mzigo.

Muundo wa Garratt huongeza ugumu wake mmoja, nao ni mabomba ya mvuke yanayopaswa kujipinda pamoja na jozi za injini bila kuvuja. Injini kubwa zilitumia viungo vya tufe vilivyofungwa kwa vizuizi vya kukaza; katika kipimo kidogo pete za plastiki inayostahimili joto zimerahisisha kazi hiyo.

Maarifa haya yaliwafikia watu wa kawaida kwa kuandikwa. Percival Marshall alianzisha jarida la The Model Engineer mjini London mwaka 1898, na katika miaka ya 1920 mwandishi aliyejiita LBSC alionyesha humo kwamba boila dogo la makaa linaweza kuvuta mtu, kisha kwa miongo kadhaa akachapisha michoro pamoja na maelezo ya kila hatua. Thamani ya maelezo yake ilikuwa katika sababu zilizofuatana na vipimo, kwa kuwa fundi aliyeambiwa kwa nini mrija umenenepeshwa anaweza kuinenepesha mirija ya injini nyingine, na aliyepewa mchoro mtupu hujenga injini ile moja tu. Fundi wa Iyula mwenye mashine ya kukereza, aliyekwisha kuzoea kutengeneza vipuri vya mashine za kukoboa kahawa, angehitaji sababu hizo kuliko michoro, na makaa ya mawe yangemfikia kutoka Kiwira, mbali kidogo kusini-mashariki.

Asichoruhusiwa kukibuni ni usalama. Boila hujengwa kwa shaba nyekundu iliyolehemiwa kwa fedha, na kwa kuwa shaba ni laini kuliko feleji, ukuta wake huwa mnene kuliko ule unaopatikana kwa kugawanya: kwa kipenyo cha milimita 290 na pauni 100, karibu milimita 5. Kabla ya moto kuwashwa, boila hujazwa maji baridi hadi hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono mpaka pauni 200, mara mbili ya kanieneo ya kazi, na kuachwa hivyo huku kila kiungo kikikaguliwa. Maji hayashindiliki, hivyo kiungo kikiachia hutoka matone na sindano ya geji huanguka, ilhali mvuke ungelipasua boila.