Milimita Nne za Krenki

Fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, mtu mzima anayeitikia shikamoo bila kuinua macho, ana desturi ninayoipenda. Kabla ya kufunga injini ya Land Rover, huilaza krenki iliyokwisha kuoshwa kwa dizeli juu ya magogo mawili, akaizungusha taratibu kwa kidole, akitazama pini za konrodi zikipanda na kushuka. Mteja asimame pembeni akiangalia saa, yeye hana habari.

Anachokitazama ni kitu kidogo mno. Katika injini ya Land Rover ya lita 2.25, pistoni husafiri milimita 88.9 kutoka chini hadi juu. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilipoikuza kuwa lita 2.5 katika miaka ya 1980, upana wa silinda haukuguswa. Ulibaki milimita 90.47. Kilichoguswa ni krenki, mwendo wa pistoni ukawa milimita 97. Kila pini ilisogezwa mbali na kitovu kwa milimita nne hivi, basi. Ujazo ukapanda kutoka sentimita za ujazo 2,286 hadi 2,495, na injini ya dizeli ikaongezeka nguvu kulekule chini, kwenye mizunguko 1,800 hivi kwa dakika, ambako dereva wa porini hufanyia kazi yake yote. Milimita nne! Waliozichora walijua gari litakwama wapi.

Lakini tusidanganyane, mwendo mrefu peke yake si dawa. Land Rover ya kwanza, ya 1948, ilikuwa na mwendo wa milimita 105 ndani ya silinda nyembamba ya 69.5. Waingereza walikuwa wamezoea silinda nyembamba, maana hadi miaka ya 1940 kodi ya gari ilifuata upana wa silinda. Ukirefusha mwendo na kubana silinda ili ujazo ubaki uleule, mkono wa krenki unarefuka, ila uso wa pistoni unaosukumwa na moto unapungua. Unachopata huku kinakutoka kule. Lita 2.5 ilivuta zaidi kwa sababu ilimeza hewa na mafuta zaidi.

Nayo ililipa gharama yake. Kwenye mizunguko 4,000, pistoni ya zamani ilikwenda wastani wa mita 11.9 kwa sekunde; ya mwendo mrefu huenda mita 12.9. Ikifika juu lazima isimame, igeuke, ianze upya, na kishindo hicho chote huangukia konrodi na beringi. Ndiyo sababu yule mzee humwambia kila anayekabidhiwa ufunguo: "Mwanangu, hii usiipige resi. Iache ivute."

Toyota walipita njia nyingine. Walipotoka injini ya 2F kwenda 3F waliacha silinda na upana wake wa milimita 94, wakapunguza mwendo kutoka 101.6 hadi 95. Injini ikawa nyepesi kuzunguka. Huo nao ni ufundi, wa watu waliofikiria kazi kwanza.

Kufikiri huko ndiko kunakotuponyoka. Siku hizi injini ikianza kugonga, kinachotafutwa ni injini ya gari dogo la mjini, inachomelewa vishikio, gari linatoka gereji likipiga kelele kama la mashindano. Likifika kwenye udongo mweusi wa masika, linalia juu na tairi hazisogei. Hakuna aliyepima pini kwa mikromita, hakuna aliyeuliza kama krenki ya zamani ingeweza kusagwa saizi ya kumi au ya ishirini. Imeshakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo.

Wewe mwenye Land Rover ya zamani uani, kabla hujaiita mizani, ipeleke krenki yako kwa fundi anayejua kupima. Kama pini bado zina nyama, isagwe, ifungwe beringi mpya, irudi kazini. Kiwanda kilishaacha kuitengeneza injini hiyo.