Stima Imepotea: Nani Kaipoteza?

Sisi watu wa Nairobi hatusemi stima imekatwa. Twasema imepotea. Imepotea kama mbuzi aliyekata kamba, au kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau njia. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao husema umeme umekatika, kana kwamba ulikuwa uzi mkuukuu uliochoka wenyewe. Taa zikiwaka tena, ploti nzima hupiga mayowe, "Imerudi!" Imerudi kutoka wapi, na nani aliyeipeleka huko? Hilo halimo katika sentensi.

Nataka tuitazame sentensi hii kwa jicho la mhakiki, maana naona ndiyo inayotawala maoni yetu kuhusu habari za teknolojia: habari za stima, za simu, na za siri zetu zilizomo ndani ya simu hizo. Shuleni tulifunzwa kauli za vitenzi, tukazikariri kwa ajili ya mtihani. Kutenda: wameukata umeme. Kutendwa: umeme umekatwa. Kutendeka: umeme umekatika. Tukapata alama zetu tukaenda nyumbani. Lakini kumbuka tena orodha ile. Kadiri unavyoteremka, mtendaji anazidi kufifia, na ukifika chini kabisa hakuna mtu. Kuna tukio tu. Hapo chini ndipo sisi vijana tunapoishi na maoni yetu.

Tuchukue mfano ambao wengi wanaukumbuka. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima iliingia gizani. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikumbwa na giza hilo, na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi hadharani. Kesho yake kila kibanda cha chai kilikuwa na mainjinia wake. Kenya Power ilieleza kwamba gridi ilikuwa imepoteza umeme wa mitambo ya upepo ya Lake Turkana, kule kaunti ya Marsabit, penye mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Wenye mitambo wakajibu kwamba sivyo. Mitambo yao ilijizima kwa sababu nguvu ya umeme katika gridi ya taifa ilikuwa imezidi kiasi. Sasa unaona? Kampuni mbili kubwa zilikuwa zikibishana juu ya kauli ya kitenzi. Huyu anasema ulipotea, yule anasema tulizimishwa. Na raia aliyekuwa na mshumaa mkononi, ambaye hajui megawati ni kitu gani, ndiye aliyeuliza swali la maana: kwani nani?

Swali hilo tunalijua basi. Tukiguswa, tunaliuliza.

Sasa rudi nyuma majuma matatu tu, mwezi uleule, jiji lilelile. Vijana kwa maelfu walikuwa wamepanga foleni katika jumba la KICC ili mpira wa rangi ya fedha uwapige picha mboni za macho. Mradi huo uliitwa Worldcoin, na mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, Mmarekani anayejulikana kwa kampuni ya OpenAI. Aliyekubali kutoa mboni zake alipewa sarafu ya kidijitali iliyokuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Maoni ya mitaani? Wengine walilalamika kwamba serikali imewaharibia riziki. Wengine wakasema neno tunalolisikia kila siku: "Mimi sina cha kuficha, bwana."

Siwacheki waliopanga foleni. Shilingi 7,000 ni kodi ya chumba katika mitaa mingi ya jiji hili, na njaa haisomi masharti. Ninachohakiki hapa ni maneno, si tumbo la mtu. Nauliza hivi: kwa nini mwezi mmoja, katika mji mmoja, tulipiga kelele kuhusu giza la usiku mmoja, na tukanyamaza kuhusu kitu ambacho mtu hawezi kukibadilisha mpaka kufa kwake? Neno la siri la simu likiibwa, utaweka jingine. Mboni je?

Jibu langu ni rahisi. Stima ikipotea, giza lenyewe linakuja kukuarifu. Unajikwaa kwenye ndoo, maziwa yanaharibika, kinyozi anamwacha mteja na nusu kichwa. Lakini picha ya jicho lako ikichukuliwa, unatoka nje unaona vilevile kama ulivyoona jana. Hakuna taa iliyozimika. Sisi hupima habari za teknolojia kwa kilichozimika tu, na mambo makubwa ya siku hizi hayazimi chochote.

Isitoshe, lugha inawasaidia wachukuaji. Angalia fomu yoyote unayobonyeza "nakubali" kwenye simu. Aghalabu utakuta sentensi za namna hii: taarifa zako zitatumiwa kuboresha huduma, data zako zitahifadhiwa kwa usalama. Zitatumiwa na nani? Zitahifadhiwa wapi, mpaka lini, na ufunguo anao nani? Kauli ya kutendwa ina mlango wake nyuma, ile "na" ndogo inayomleta mtendaji. Hawa wameufunga mlango huo wakaupaka rangi ya ukuta.

Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilifungua mlango huo. Katika kesi iliyopelekwa na Katiba Institute na wenzake, iliamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria. Ridhaa ya watu ilipatikana kwa kuwavuta kwa sarafu, na tathmini ya athari inayodaiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikufanywa ipasavyo. Ikaamuru zifutwe ndani ya siku 7, Kamishna wa Data akisimamia. Mimi si wakili, lakini kwa macho ya mwandishi naona kilichofanyika pale ni uhariri. Sentensi iliingia mahakamani ikisema "data zilikusanywa", ikatoka ikisema: fulani alikusanya, kwa kumpa mtu kitu hiki, bila kufanya kitu kile. Mtendaji amerudishwa mahali pake.

Sasa tulishike lile neno "sina cha kuficha". Wanaolitetea hupenda kuleta methali, mficha uchi hazai. Methali nzuri, lakini wanaitumia vibaya. Hiyo ni methali ya mkunga, si ya sokoni. Anayejifungua humwonyesha mkunga mmoja, aliyemchagua, ndani ya chumba kilichofungwa, kwa jambo moja. Hakuna aliyewahi kusema mficha uchi hazai kisha akamtoa mzazi barazani.

Na sisi tuna neno kongwe kuliko simu zote: hodi. Mtu mwenye jamvi moja na sufuria moja hupigiwa hodi sawasawa na tajiri, na asipoitikia karibu, mgeni muungwana hugeuza njia. Hodi haiulizi kama una cha kuficha. Inauliza kama umekubali. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 31, imeandika hodi hiyo kuwa haki ya kila mtu. Kwa hiyo anayesema sina cha kuficha anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Tena si siri yake peke yake. Tukumbuke mikopo ya simu. Mtu alikopa shilingi 500, akairuhusu programu isome majina yote yaliyomo kwenye simu yake, na alipochelewa kulipa, mkopeshaji akaanza kuwapigia mama mkwe, mwajiri, na rafiki wa zamani wa shule. Malalamiko ya namna hiyo yalizagaa hadi Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022. Mama mkwe hakukopa kitu, wala hakubonyeza "nakubali" popote. Ni mkwewe aliyemfungulia mlango mgeni bila hodi, akidhani anafungua mlango wake mwenyewe.

Haya, mwandishi mwenzangu, wewe unayesema haya ni mambo ya magazeti na wala si ya fasihi. Hebu tazama miswada tunayosomeana. Simu imo, lakini kazi yake ni moja: mke kusoma ujumbe wa kimada. Stima inapotea, lakini inapotea ili wapendanao washikane mikono au mwizi apenye. Wachache waliojaribu kuandika juu ya kuchunguzwa wamemwiga George Orwell na riwaya yake ya 1984, iliyotoka mwaka 1949: sura kubwa ukutani, polisi mlangoni. Hofu ile ilikuwa ya kweli na mahali pengi bado ni ya kweli. Lakini mchunguzi wa foleni ile ya Nairobi hakuja na rungu. Alikuja na tabasamu na shilingi 7,000, na sisi ndio tuliomfuata. Huyo bado hatujamwandika vizuri.

Tunaye wa kujifunza kwake. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 80, alitoa Walenisi mwaka 1995. Lisome jina hilo polepole: wale ni sisi. Jina linalosikika kama la nchi ya mbali, kumbe ni sentensi nzima yenye watu ndani yake. Hicho ndicho ninachotaka katika hadithi zetu, kwamba msomaji apasue neno lililofungwa akute mtu.

Wala hatuhitaji mashine za ajabu wala miji ya angani. Andika juu ya simu ya mama mkwe ikilia mchana wakati anachambua mchele, na sauti ngeni ikimtaja mkwewe kwa jina lake kamili. Andika juu ya kijana aliyelipa kodi kwa mboni zake, na namna anavyojiangalia kwenye kioo cha kinyozi mwezi unaofuata, ambapo hakuna kilichobadilika. Kazi yetu ni kumfanya msomaji ajikwae kwenye ndoo hata kama taa inawaka.

Mhusika wako akisema stima imepotea, mwache aseme, ndivyo watu wanavyosema na ndivyo atakavyosikika wa kweli. Lakini wewe unayemwandika lazima ujue nani alikuwa zamu usiku ule, swichi gani iliguswa, na kwa amri ya nani, hata kama hutaandika neno moja la hayo. Msomaji hutambua mara moja mwandishi ambaye naye hajui.