Taa ya Adhuhuri

Siku chache zilizopita tulialikwa akika katika nyumba mpya, nje kidogo ya mji wetu wa Unguja. Mwenyewe ni mtu mwema na nyumba imemgharimu mali nyingi. Twamwombea Mwenyezi Mungu ambariki nayo. Lakini ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na ukumbini zilikuwa zikiwaka taa tisa. Nikauliza kama yawezekana kuzizima. Mtoto akazizima, nasi hatukuonana nyuso. Vioo vya madirisha ni vyeusi, ndani yake pazia nzito mbili, na nje ukuta wa ua umepanda hata kulipita dirisha.

Mwenyeji wetu alinijibu neno ambalo wengi hulisema: "Sheikh, sisi twataka sitara." Neno hili ni zito, wala hapana Muislamu wa kulipuuza. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Lakini sitara ni kumzuia mtu asikuone, si kulizuia jua lisiingie. Haya ni mambo mawili, na wajenzi wetu wa leo wameyafanya moja.

Imepokewa katika khabari za Misri kuwa Kharija bin Hudhafa alipojenga ghorofa, Sayyidna Umar (R.A.) alimwandikia Amru bin Al-As: kitiwe kitanda humo, asimame juu yake mtu asiye mrefu wala mfupi, na akiweza kuchungulia dirishani, ghorofa ivunjwe. Walipojaribu, yule mtu hakulifikia dirisha, na ghorofa ikaachwa. Basi dirisha lililo juu halikuamrishwa kuzibwa. Jirani alipata haki yake na mwenye nyumba akabaki na mwanga wake.

Na wazee wetu walilielewa hilo. Nendeni Lamu mkaziangalie nyumba za mawe. Kwa njiani ni kuta nene tu na daka, mpita njia haoni kitu. Ukishaingia na kupinda, wakutana na kiwanda kilicho wazi juu, na misana yote yaelekea hapo. Mwanga washuka kiwandani, wagonga kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, ndipo wende ndani umekwisha kupungua ukali. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazifiki mbali, na wembamba huo nao husaidia. Haki lakini isemwe: chumba cha ndani kabisa kilikuwa kiza, na wala sisemi turudi huko kwa kila kitu. Ila kile kiza kilikuwa cha chumba kimoja cha kulala. Hawa wetu wametia kiza nyumba nzima.

Wengine husema taa za siku hizi hazili umeme mwingi. Ni kweli. Lakini dirisha lililofungwa hufunga na upepo pia, na hapo feni haitoshi, yatakiwa mashine ya baridi, nayo ndiyo imalizayo umeme ulionunuliwa jana. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika Sura ya Naba ametutajia mchana kuwa ni wakati wa kutafuta maisha. Sisi twaununua mchana kwa fedha hali ya kuwa upo bure ukutani kwa nje. Kama hii si israfu, sijui israfu ni ipi.

Nami sijitoi. Katika chuo changu kulikuwa na kabati la vitabu lililoziba dirisha miaka mingi, na taa ikiwaka tangu asubuhi. Umeme wa Unguja ulipokatika Desemba 2009, usirudi mpaka Machi 2010, watoto walishindwa kusoma. Mmoja wao, wa miaka kumi hivi, ndiye aliyesema, "Maalim, tuliondoe kabati." Tukaliondoa. Niliona haya.

Anayetaka kujenga basi amwambie fundi mapema. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, kwani jua la mashariki na magharibi huingia chini chini likaleta joto. Paa litokeze nje lifanye kivuli. Penye jirani karibu, dirisha liwe juu kupita kimo cha mtu, au yatiwe matofali ya matundu. Dari na kuta ziwe nyeupe. Aliyekwisha kujenga aanze na pazia.

Na jambo moja nililisahau pale kwenye akika, nikalikumbuka njiani. Yule bwana hutoka alfajiri akarudi magharibi. Anayekaa katika kiza kile mchana kutwa, akichambua mchele chini ya taa, ni mkewe na mtoto mchanga tuliyemsomea dua. Nilimpigia simu usiku ule nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema kuwa mkewe alikwisha kumwomba vioo vyeupe tangu nyumba haijaezekwa, naye akakataa.