"Hecho": nomino au kitenzi?

Tazama sentensi hii ya Kihispania: "De hecho, la cena ya está hecha." Maana yake ni kwamba, kwa kweli, chakula cha jioni kimeshapikwa. Neno lilelile limetokea mara mbili. Kwanza limekuja kama nomino, kisha kama umbo timilifu la kitenzi "hacer", kufanya, yaani umbo linaloeleza kwamba kazi imekwisha. Kamusi itakupa maana zote mbili, "jambo la hakika" na "-liofanywa", lakini haitakuchagulia. Anayeamua ni jirani wa neno.

Angalia kwanza kinachotangulia. "Hecho" likitanguliwa na "un", "el" au "este", na hakuna nomino nyingine inayodai nafasi hiyo, basi lenyewe ndilo nomino. "Los hechos" ni mambo yaliyotukia, na kitabu cha Matendo ya Mitume huitwa "Hechos de los Apóstoles". Likitanguliwa na kitenzi kisaidizi "haber", ni umbo timilifu, nalo halibadiliki: "he hecho la cama", nimetandika kitanda, "he hecho las camas", nimetandika vitanda.

Kati ya nomino na umbo hilo lisilobadilika kuna umbo timilifu linalopatana na nomino yake, na hapo ndipo Mswahili anapoingia na mtaji mkononi, kwa sababu upatanisho wa kisarufi amekua nao. "La cama está hecha", kitanda kimetandikwa. "Las camas están hechas", vitanda vimetandikwa. Kama ki- na vi- zinavyofuata ngeli, ndivyo -a na -as zinavyofuata "cama", ambalo ni neno la kike. Mabadiliko hayo yanatosha kukuambia kwamba umeshika umbo timilifu, kwa kuwa nomino "hecho" ni ya kiume daima.

Kwa nini basi upatanisho upotee baada ya "haber"? Linganisha na "tengo hecha la cama". Kitenzi "tener" bado kina maana ya kuwa na kitu: nina kitanda, nacho kimeshatandikwa. Kwa hiyo "hecha" inaendelea kukifuata kitanda. Zamani "haber" nayo ilikuwa na maana hiyo ya kumiliki, na katika Kihispania cha zama za kati umbo timilifu lilipatana mara nyingi na yambwa yake. "Haber" ilipopoteza maana hiyo na kubaki kisaidizi, upatanisho ukaganda. Kanuni ambayo wanafunzi wengi hukaririshwa kama amri ina historia inayoeleweka, na ingefaa wafundishwe hivyo.

Kinachofuata au kuandamana na neno pia husaidia. "Un trabajo bien hecho" ni kazi iliyofanywa vizuri; kielezi "bien" kinaelekeza kwenye kitenzi. "Un hecho grave" ni jambo zito. Kivumishi "grave" kinaelekeza kwenye nomino. Katika hukumu za jinai nchini Hispania kuna sehemu iitwayo "hechos probados", mambo yaliyothibitishwa: "hechos" ni nomino, na "probados" ni umbo timilifu la "probar" linalopatana nayo.

Nomino hiyo ilizaliwa kutokana na kitenzi. Kilatini kilikuwa na "factum", kilichofanywa. Huko Castilla, f ya mwanzo katika maneno mengi iligeuka h, ambayo leo haitamkwi, kama "farina", unga, ilivyokuwa "harina". Nayo ct ikawa ch, kama "nocte", usiku, ilivyokuwa "noche". Kabla ya f kugeuzwa h katika maandishi, watu waliandika "fecho" na "fecha". Hati za zamani zilitaja mahali na siku zilipoandikwa kwa neno hilo: "carta", hati, ni ya kike, hivyo ilikuwa "fecha", iliyofanywa, mahali fulani, siku fulani. Kwa kurudiwa mno katika hati, neno hilo likawa jina la siku yenyewe. Leo "fecha" ni tarehe, bado lina f yake, na bado ni la kike kwa sababu ya ile "carta".