Ufunguo au Kabari? Istilahi za Modeli za Molekuli na Dawa ya Usubi

Makandana, mjini Tukuyu, ndipo ilipo Hospitali ya Wilaya ya Rungwe. Wilaya hii ni ya milima, mvua nyingi na mito iendayo kasi. Na maji yaendayo kasi ndiyo mazalio ya usubi, inzi mdogo aenezaye mnyoo wa ugonjwa uitwao kwa jina lake. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii wananchi wa huku wamepewa dawa ya ivamektini, mwaka hata mwaka, kwa mikono ya wagawa dawa waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe. Mgawa dawa humpima mtu kimo kwa kijiti, akajua ampe vidonge vingapi. Hayo ni mepesi kuyaeleza. Lakini mtu akiuliza kidonge kinamfanya nini mnyoo, na kwa nini kimezwe tena mwaka ujao, jibu lake limo katika elimu ambayo Kiswahili chake bado hakijatulia: elimu ya namna molekuli za viumbe zinavyokutana, na namna kompyuta inavyotumiwa kuzichunguza.

Makala haya hayakusudii kufundisha kemia. Yanakusudia kuyapima maneno machache ambayo watafsiri, walimu na watumishi wa serikali huyatumia waelezapo jambo hili, na kuonyesha kwamba baadhi yake yanapotosha. Mtu aliyeelezwa vibaya huacha dawa mapema, au huinywa kwa ugonjwa usio wake. Kwa hiyo istilahi hizi zinastahili kutazamwa kwa makini.

Jambo lenyewe

Katika utando wa seli za neva na misuli za mnyoo mna protini iliyojengwa kwa vipande vitano vilivyosimama duara, kama watu watano walioshikana mikono kuzunguka tundu. Glutamati, molekuli ndogo ya mwili wa mnyoo mwenyewe, ikiigusa protini hiyo, tundu hufunguka kwa kitambo kidogo, ioni za kloridi zikapita, kisha likafungwa. Ivamektini huuvuruga utaratibu huo. Mwaka 2011 Ryan Hibbs na Eric Gouaux walitangaza umbo la protini ya namna hiyo, iliyotokana na mnyoo mdogo wa udongoni aitwaye Caenorhabditis elegans, ikiwa imeshikamana na ivamektini. Ilionekana kwamba dawa haikukaa mahali pa glutamati. Ilijipenyeza kati ya kipande na kipande, ndani ya utando, ikavitenga na kulizuia tundu lisifungwe. Kloridi hupita bila kipimo, na neva na misuli hupooza. Binadamu hana protini ya namna hii, na hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya mgonjwa aistahimili dawa inayomlemaza mnyoo.

Umbo hilo, hata hivyo, ni la mnyoo wa udongoni. Mnyoo wa usubi ni jamaa yake tu. Hapo ndipo kazi ya kompyuta inapoingia. Mtafiti huchukua mfuatano wa amino asidi za protini ya mnyoo wa usubi, akaulinganisha na ule wa jamaa yake, na kompyuta hukadiria umbo lisilojulikana kwa kulifuata lile lililokwisha kujulikana. Kisha molekuli ya dawa hupachikwa mahali mbalimbali katika umbo hilo, zikapigwa hesabu za nguvu za kuvutana na kusukumana, na kutazamwa jinsi atomu zinavyojongea. Elimu hii imekua kiasi cha Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel, walioiwekea misingi, kupewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2013.

Mfano, kielelezo, kigezo au modeli?

Umbo lililokadiriwa na kompyuta tuliite nini? Neno linalomjia mtu kwanza ni mfano. Lakini mtafsiri aandikaye "mfano wa protini ya mnyoo" amesema mambo mawili kwa pamoja. Huenda amekusudia umbo lililokadiriwa. Huenda amekusudia protini mojawapo miongoni mwa nyingi. Msomaji hana njia ya kujua.

Wengine watapendelea kielelezo. Neno hili nalo lina kazi zake. Mwalimu hukiita kielelezo kile kilichochorwa ubaoni, na mahakama huliita kielelezo panga lililoletwa mbele ya hakimu kuwa ushahidi. Maana hii ya pili ina hatari zaidi kwa jambo letu, kwa kuwa kielelezo cha mahakamani ni kitu chenyewe, ilhali umbo la kompyuta ni makadirio ya kitu.

Lipo pia neno kigezo. Maofisini limekwisha kuwa sharti la kupimia, kama tusemapo vigezo vya kupandishwa cheo. Lakini maana yake iliyo ya msingi ni umbo la kufuatisha. Fundi cherehani hulitandaza vazi la zamani juu ya kitambaa kipya ili apate kukata sawasawa. Vazi lile ni kigezo chake. Maana hii inaifaa protini ya mnyoo wa udongoni, ambayo umbo lake hufuatishwa. Haiifai ya mnyoo wa usubi, ambayo ndiyo inayokatwa.

Kwa maoni yetu, kazi na zigawanywe hivi: umbo linalofuatishwa liitwe kigezo, umbo linalokadiriwa liitwe modeli, picha ya modeli iliyopigwa chapa kitabuni iitwe kielelezo, na mfano ubaki na kazi yake ya kila siku. Tunajua watakaosema kwamba modeli ni neno la kukopa, na kwamba mkopo ni uvivu wa mtafsiri. Hoja hiyo ina uzito mahali pengi, lakini hapa mkopo una faida: hauna maana ya zamani ya kumvuta msomaji pembeni. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walipounda umbo la DNA kwa vyuma na vibao, mtu angeweza kuliita sanamu na akaeleweka. Modeli ya leo haishikiki. Imefanywa kwa hesabu, na hubadilika hesabu zinapobadilika.

Kadhalika tendo la kuiweka dawa mahali pake katika modeli. Lugha za kigeni huliita kwa jina la meli kufika gatini, na mtafsiri asipojihadhari ataandika "kutia nanga". Meli hutia nanga popote penye kina. Sisi tunacho kitenzi pachika: mkulima hupachika mpini katika jembe, na mpini usiolingana na tundu haukai. Tunapendekeza kupachika na upachikaji.

Ufunguo na kabari

Mwaka 1894 Emil Fischer alifananisha kimeng'enya na kitu kinachotendewa nacho kuwa kama kufuli na ufunguo. Tashibihi hiyo imeingia madarasani, na imefanya kazi njema. Hata hivyo ilirekebishwa mapema: mwaka 1958 Daniel Koshland alieleza kwamba kimeng'enya hubadili umbo lake kinapokutana na kile kinachokishika, kama glavu inavyojaa mkono unapoingia. Kufuli la chuma halifanyi hivyo.

Katika habari ya ivamektini ufunguo unapotosha zaidi. Ufunguo huingia mahali pake penyewe, hufungua na hufunga, kisha huchomolewa. Kama uko ufunguo hapa, basi ni glutamati. Ivamektini ni kabari. Mpasua gogo hupigilia kabari katika ufa ili pande mbili zisirudiane, na kadiri kabari inavyokaa ndivyo ufa unavyobaki wazi. Hivyo ndivyo dawa inavyokaa kati ya vipande vya protini. Neno hili li la Kiswahili, halihitaji kutafsiriwa, na lina sifa moja ambayo watafsiri wa mijini huisahau. Huko Rungwe maandishi ya Kiswahili mara nyingi huelezwa tena kwa mdomo katika Kinyakyusa. Tashibihi ya kabari itavuka salama, kwa kuwa aliyewahi kupasua kuni anaijua kwa mkono.

Kuua na kuthibitisha

Majina yakiisha kupangwa, vitenzi vyaweza kuharibu kazi yote. Kitenzi cha kwanza ni kuua. Kusema kwamba "dawa huua minyoo" ni kusema nusu ya habari. Ivamektini huwapunguza upesi minyoo wachanga walio ngozini, nayo humzuia jike aliyekomaa asiwatoe wengine kwa miezi kadhaa. Jike mwenyewe hubaki hai ndani ya kinundu chake, na umri wake waweza kufika miaka 10 hadi 15. Mwananchi aliyeambiwa kwamba minyoo imeuawa, akaona mwasho umetulia, ana haki ya kukikataa kidonge cha mwaka wa pili. Maneno yenyewe yamemruhusu. Aliyeambiwa kwamba dawa huwaondoa watoto na kumzuia mama asizae kwa muda, amekwisha kupewa sababu ya kurudi.

Kitenzi cha pili ni kuthibitisha. Modeli haithibitishi, hukadiria na kuashiria. Wajibu wa kuthibitisha ni wa maabara, na baada ya maabara ni wa majaribio kwa wagonjwa. Dawa hii hii ilitupa funzo mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19. Kompyuta zilionyesha kwamba ivamektini huenda ikashikamana na protini za kirusi, na maabara moja ya Australia ilionyesha kwamba ilipunguza kirusi katika seli zilizokuzwa chupani, kwa kiasi cha dawa kilichozidi mno kile kifikacho katika damu ya mgonjwa. Kabla majaribio ya wagonjwa hayajakamilika, habari ilikwisha kuenea duniani kana kwamba imethibitika, na watu wakainywa dawa kwa mamlaka ya kitenzi. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitumiwe kwa ugonjwa huo ila katika majaribio, na majaribio makubwa yaliyofuata hayakuonyesha faida.

Mtumishi wa serikali aandikaye taarifa hana budi kuitunza ngazi hii: modeli hukadiria, seli za chupani huonyesha, wagonjwa waliojaribiwa kwa utaratibu huthibitisha. Kiswahili kinavyo vitenzi vyote vitatu. Upungufu uko katika kuvichanganya.

Tunayaleta maneno haya, modeli, kigezo, kupachika na kabari, mbele ya wasomaji ili yapimwe. Tungependa zaidi kusikia kutoka kwa walimu na wahudumu wa afya wa Rungwe, ambao huyatamka mbele ya watu wenye haki ya kuuliza. Iwapo kabari haikueleweka huko, basi tutalitafuta neno jingine.