Kusoma Kiini Kabla ya Kukiandika: Uhakiki wa Sherehe ya John Lions na Urithi Wake

Kati ya mwaka 1976 na 1977, John Lions, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia, aliwaandalia wanafunzi wake vijitabu viwili. Cha kwanza kilibeba msimbo wa kiini cha mfumo endeshi wa Unix, Toleo la Sita, takribani mistari 9,000. Cha pili kilikuwa sherehe ya msimbo huo. Msomaji aliyezoea diwani za Kiswahili zenye sherehe mwishoni atautambua muundo huu mara moja: matini hutangulia, mfafanuzi hufuata.

Ubora wa kazi hii umo katika ukamilifu wake. Miongozo mingi ya kumwanzisha mtu kuandika kiini chake mwenyewe humpa vipande: namna ya kuonesha herufi kwenye skrini, namna ya kupokea katizo la kibodi, kisha humwacha njia panda. Anachokikosa ni uhusiano wa vipande hivyo. Mfano ni sehemu inayohamisha prosesa kutoka mchakato mmoja hadi mwingine, ambapo utekelezaji huingia kwa mlango wa mchakato mmoja na kutokea kwa mlango wa mwingine. Hapo watunzi wa Unix waliacha maelezo mafupi kwamba msomaji hatarajiwi kuelewa. Lions hakulikwepa fumbo hilo. Kasoro ya sherehe yake ni kufungamana na kompyuta ya PDP-11, ambayo mwanafunzi wa leo huenda asiione ila kwenye makumbusho.

Kilichoizuia kazi hii hakikuwa ugumu wake bali leseni. Mwaka 1979, AT&T ilitoa Toleo la Saba la Unix kwa masharti yaliyokataza msimbo wake kufundishwa darasani. Sherehe ya Lions ikaishi kwa fotokopi hadi ilipochapishwa rasmi mwaka 1996. Fotokopi humfaa msomaji mmoja mmoja. Mtaala haujengwi juu yake. Pengo hilo ndilo lililomsukuma Andrew Tanenbaum, mjini Amsterdam, kuandika Minix mwaka 1987, na ni kwenye Minix ambako Linus Torvalds alianzia kuijenga Linux mwaka 1991.

Mrithi wa karibu zaidi wa Lions ni xv6, iliyoandikwa MIT mwaka 2006 kwa kulifuata Toleo la Sita, na baadaye ikahamishiwa prosesa za RISC-V. Humo fumbo la kubadilisha michakato limekuwa kazi fupi inayohifadhi rejista 14 za upande mmoja na kupakia 14 za upande wa pili. Huendeshwa ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, kwa hiyo mashine ya ziada haihitajiki. Hata hivyo, unadhifu huo una gharama: maunzi halisi yana ukaidi ambao QEMU huuficha, na anayeishia kwenye xv6 hujiona amefika kumbe yuko kizingitini.

Leseni ya msimbo wa xv6 inaruhusu kunakili, kurekebisha na kusambaza, mradi tangazo la hakimiliki libaki. Idara ya kompyuta ya chuo chochote katika kanda hii inaweza kuuchapa msimbo huo pamoja na sherehe ya Kiswahili bila kuomba kibali cha mtu. Kigumu kitakuwa istilahi, na hapo wataalamu wa lugha hawana budi kuketi meza moja na wale wa kompyuta, msimbo ukiwa umefunguliwa mbele yao.