Reli ya Bububu: Hesabu ya Kona za Mji Mkongwe

Anayetaka kuielewa reli ya Bububu, Zanzibar, aanze na kona. Kuanzia 1905 garimoshi liliondoka karibu na Ngome Kongwe, likajipenyeza Malindi baina ya kuta za nyumba, kisha likashika njia ya pwani kaskazini mpaka Bububu: maili 7, kama kilomita 11. Katika mji wenye vichochoro vya kupita punda na wapagazi, hiyo haikuwa kazi ndogo.

Siri ilikuwa upana. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York ilitandika reli zenye nafasi ya futi 3, yaani sentimita 91 na ushei. Magurudumu mawili ya treni hukazwa kwenye ekseli moja, hayana ruhusa ya kuzunguka kila moja kwa kasi yake. Ikifika kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko mwenzake. Piga hesabu: kwenye kona ya nyuzi 90, reli ya nje huizidi ya ndani kwa mita 1.44. Kwa reli pana ya kawaida ya Ulaya, tofauti hiyo hufika mita 2.25. Uso wa gurudumu huchongwa mshazari ili kufidia sehemu ya pengo hilo. Linalobaki chuma hulimaliza kwa kuburuzana, na ndiyo sauti ile kali tunayoisikia treni ikikata kona. Reli ikibanwa, kona nayo hubanika.

Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alitangulia. Mwaka 1879 alijenga reli kutoka kasri lake hadi Chukwani. Mabehewa yalivutwa na nyumbu mpaka ilipoletwa injini ndogo ya kampuni ya Bagnall kutoka Uingereza. Naipenda sana habari hiyo, lakini ile ilikuwa reli ya mtu mmoja, na alipofariki 1888 haikudumu. Ya Bububu ilibeba watu: wenyeji kwa wingi, na behewa la daraja la kwanza kwa wageni walioshuka melini kwa saa chache.

Wapo wanaosema jina Bububu limetokana na mlio wa treni. Sivyo. Sayyida Salme, binti wa ukoo wa masultani, alikwisha kuitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, reli hiyo ikiwa bado haijaotwa hata ndotoni.

Udhaifu wa reli hiyo ulikuwa kukosa mzigo. Karafuu nyingi zilitoka Pemba, nazo zilikuja kwa vyombo vya baharini. Serikali iliinunua reli 1911, ila barabara zilipotengenezwa na magari kuingia, safari za abiria zilikoma 1922. Hapo ndipo ilipopata mzigo unaoistahili: mawe ya kujazia bahari kwa ajili ya bandari mpya, mazito, yasiyo na haraka. Iliyabeba mpaka ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1920.